Gari Lililoinamia Upande wa Bahari

Mokowe, Lamu

Kwa ndugu yangu wa tumbo moja, Nasoro, Pangani.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Naomba barua hii ikukute umepona goti, na shemeji awe mzima, na wote wanaolala chini ya paa lenu wawe na afya. Ukiniuliza mimi, sijambo ya mtu aliyekwisha kufunga mizigo. Nakula uji, nasali nimeketi, na kila sentensi naikata mara mbili ili nipate pumzi. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe, ndiyo maana herufi zinapepesuka. Rukia amejitolea kuniandikia nikakataa. Nilidhani angeongeza ya kwake.

Kabla hujaendelea, itazame bahasha. Nimeipaka gundi mara mbili na kuandika jina langu juu ya mkunjo. Kama herufi hazikutani, basi mwenye mashua anayevusha mfuko wa barua ameifungua. Sina ushahidi juu yake, ila hunisalimia kwa furaha kupita kiasi.

Sasa sikiliza. Katika barua iliyopita nilikupa agizo: kwamba mimi nikifa, na kwa kuwa Rukia hana kaka wala babu, wewe ndiye utakuwa walii wake, basi usimwozeshe kwa Mselem wa Kipungani hata akija na mji mzima kumwombea. Nilikuandikia kuwa ni fundi mlaghai, na kwamba kazi yake mbovu ilimvunja mguu dereva wangu. Leo nalifuta agizo lile. Mselem hakufanya kosa. Mwenye kosa ni mimi. Nakueleza yote kwa utaratibu, maana nikikuandikia tu "mwozeshe," utasema mzee amelazimishwa. Mimi katika nafasi yako ningesema hivyo.

Gari langu unalijua kwa habari. Ni lile lori la jeshi nililolinunua Mombasa nilipostaafu kazi ya forodha, fupi, pua butu, linalovuta kwa magurudumu yote manne. Hapa Mokowe waliliita Kobe, kwa sababu tumbo lake lilikuwa karibu na ardhi. Tulikuwa tukipakia boriti na chokaa kupeleka Witu, na masika yakianza Kobe alikuwa anakalia tumbo katika tope jeusi, magurudumu yanazunguka bila kushika kitu. Kombo, dereva wangu, alikuwa akishuka na kulipiga teke ubavuni. "Inuka, mama! Watu wanatutazama!"

Ndipo akaja Mselem. Kwao ni Kipungani, kijiji cha wasuka mikeka, lakini wakati wa vita alikuwa katika karakana ya jeshi na ufundi wa magari aliupata huko. Ni mtu wa maneno mengi na kicheko kikubwa, na hilo peke yake lilinitosha kumtilia shaka. Alilala chini ya gari, akatoka na matope mashavuni, akasema kwa lugha ya kwao, ambako chini ni tini na nchi ni nti, "Bwana Karani, gari halina ndwele. Limekaa tini mno, na ndia yenu ni mbovu. Tulipandishe."

Akalipandisha. Aliongeza majani ya chuma katika springi, na kati ya springi na ekseli akaweka vipande vya mbambakofi, mti ule mgumu wa milango, akavifunga kwa boliti ndefu. Kobe akasimama juu kama aliyefutua mabega. Lakini alisimama vibaya: makalio juu, pua chini. Muuza kahawa wa hapa gatini akauliza, "Bwana Karani, hilo lori linasujudu kuelekea wapi? Kibla si huko."

Kumbe kupandisha gari ni kazi nyepesi. Kazi ni kulisawazisha baada ya kulipandisha. Mzigo wa boriti ni mrefu na unakaa juu, na gari likiinama upande mmoja hata kidogo, mzigo nao unavuta upande huo huo, na kadiri gari linavyokuwa refu ndivyo linavyoanguka kwa urahisi. Mselem alihangaika nalo. Anapunguza jani nyuma, anaongeza mbele, analizungusha kiwanjani, anapima tena. Chombo chake kilikuwa uzi wenye fundo. Anaugusisha chini, anaupandisha mpaka ukingo wa bati juu ya gurudumu, kisha anakwenda kona ya pili, mpaka zote nne. Mimi nilikuwa na pimamaji langu, lile la waashi lenye povu ndani ya kioo. Siku aliyosema amemaliza, nililiweka juu ya sakafu ya lori. Povu likasimama katikati.

"Waona?" akasema. "Kwa mato yangu nilijua. Huhitaji kioo."

"Mimi nahitaji kioo hata ukiniambia leo ni Jumatatu," nikamjibu. Akacheka. Mimi sikuwa nafanya mzaha.

Haukupita muda akatuma wazee wake kuja kumposa Rukia.

Nasoro, wewe unanijua. Nilikaa na wale wazee, nikawapa kahawa na haluwa, nikasema nitafikiri. Moyoni nilikuwa nimekwisha kufikiri. Binti wa karani wa forodha, aliyehitimu Kurani na kusoma hati za Kirumi, aende Kipungani kwa watoto wa mikeka? Nilijiambia si kufu yake. Kisha nikaanza kuhesabu mambo. Kwa nini kulisawazisha gari kulichukua muda mrefu vile? Kwa nini alipokuwa chini ya gari alipenda kulala upande wa nyumba, chini ya dirisha la jikoni? Nilimwuliza Rukia kama aliwahi kuongea naye. Akasema, "Aliniomba maji, baba. Nikampa mbele yako." Ilikuwa kweli, nilikuwapo. Lakini niliona amejibu haraka.

Baada ya hapo, asubuhi moja, nikiwa nimeketi barazani, nikaona gari limeinama. Upande wa kushoto, unaotazama bahari, ulikuwa chini. Nikapanda na pimamaji langu, na povu lilikuwa limekimbilia upande wa nchi kavu. Sikushangaa hata kidogo. Nilijihisi kama mtu aliyepokea barua aliyokuwa akiingoja. Nikamwita Mselem.

Akapima kwa uzi wake, kona zote nne. "Sawa sawa, Bwana Karani."

"Povu linasema limeinama."

"Na uzi wasema ni sawa."

"Basi mmoja wenu ni mwongo, na kioo hakina binti wa kuposa."

Kicheko kikamtoka usoni. Akaukunja uzi wake, akasema kwa upole, "Tulitoe hapa. Tulipeleke kule barabarani, tulitazame katika nti nyingine."

Nilikataa. Niliona anataka kunipeleka mahali alipopachagua yeye. Nilikuwa na hakika ameweka jani lililochoka katika springi za kushoto, ili gari lirudi mikononi mwake kila mwezi, na yeye arudi chini ya dirisha langu. Nakwambia nilikuwa na hakika. Nimekuwa na hakika ya namna hiyo maisha yangu yote, na forodhani ilinipandisha cheo.

Ijumaa iliyofuata likapita kiwanjani kwangu lori la watu wa bara, na dereva wao alikuwa mtu wa huko huko bara, anajua ufundi na hamjui mtu Mokowe. Nilingoja mpaka wanaume wakaenda msikitini. Mimi sikwenda. Nilisema kifua kinanibana, na nilisema uongo. Katika masalio ya mbambakofi ya Mselem nilimpa kipande, nikamwambia akiongeze juu ya ekseli ya nyuma, kushoto, upande ulioinama.

Akachungulia chini ya gari. "Mzee, hii kazi imefanywa vizuri. Umemuuliza aliyeifanya?"

"Fanya nilivyokwambia."

"Nitafanya. Gari ni lako." Akapiga jeki. Mimi mwenyewe nilimpa boliti moja moja, zimejaa grisi. Alipomaliza, povu likasimama katikati, na yeye akashika njia yake.

Siku Kombo alipopakia na kuondoka, sikumwambia. Kwenye kona baada ya daraja la kwanza gari lililalia kulia, boriti zikateleza, likapinduka. Kombo alitolewa chini ya mlango akiwa hai, alhamdulillahi, lakini mguu wake wa kulia ulivunjika mahali pawili, na mpaka leo anakwenda kwa fimbo. Hatashika usukani tena. Vipande vya mti vilitawanyika kwenye matope na hakuna aliyevihesabu.

Walipomleta gatini juu ya kitanda cha kamba, watu walijaa. Mselem alikuja mbio kutoka mashuani. Nami mbele ya wote, mbele ya Kombo anayelia, nilimnyoshea kidole. "Tazama kazi yako! Nilikuonyesha limeinama, ukaniletea uzi!"

Mselem alitazama viganja vyake, huku na huku, kama mtu anayetafuta kitu alichokishika sasa hivi. Kisha akaondoka. Kombo aliniamini, na kila mtu aliniamini, kwa sababu mimi ni Bwana Karani. Wazee wa Kipungani hawakurudi tena kuulizia jibu langu. Ndipo nikakuandikia ile barua.

Utauliza kama moyo haukunisuta. Ulinisuta, lakini nilikuwa na jibu: kama angelifanya sawa tangu mwanzo, nisingelilazimika kuongeza kile kipande. Jibu hilo lilinilaza vizuri kwa muda.

Gari lilivutwa, likarudishwa pale pale kiwanjani. Ugonjwa ukaniweka dirishani, na dirishani hakuna kingine cha kutazama. Mti wa Mselem ulikuwa umeng'oka wote, gari limekaa juu ya springi zake za zamani kama Kobe wa kwanza. Siku nyingine limesimama sawa. Siku nyingine limeinamia baharini. Kisha linasimama sawa tena. Nikasema kuna mtu analichezea. Nilimshuku Kombo kwa hasira zake, nikamshuku muuza kahawa. Nikamshuku Rukia kuwa anamfungulia mtu lango. Nikamtuma achote jivu jikoni alimwage kuzunguka magurudumu yote, nione nyayo.

"Nyayo za nani, baba?"

"Mwaga."

Asubuhi gari lilikuwa limeinama, na jivu halikuwa na unyayo wa mtu. Lilikuwa na alama za kaa tu, nyingi, zinatoka chini ya gurudumu la kushoto. Zinatoka ardhini, Nasoro, haziingii. Nikashuka kwa kujikokota, nikachoma ardhi kwa bakora yangu. Upande wa nyumba ilikuwa ngumu. Upande wa bahari bakora ilizama kama katika uji, na ilipotoka nikaionja. Chumvi.

Ilikuwa bamvua. Unajua jinsi maji yanavyojaa mwezi ukiwa mpevu na ukiwa mwandamo, na jinsi yanavyopungua siku za maji mafu katikati. Kiwanja kile kilikuwa bwawa la mikoko. Ni mimi niliyeamuru kijazwe mawe na kombe, kwa haraka, ili nipate pa kuegesha. Wakati wa bamvua bahari inaingia chini kwa chini, upande wa kushoto unalegea na kudidimia na gari pamoja nao. Siku Mselem alipomaliza kazi yalikuwa maji mafu. Siku nilipomwita mwongo yalikuwa bamvua. Uzi wake ulipima kutoka ardhini, na ardhi ilikuwa imeshuka pamoja na gari, basi ulisema kweli. Kioo changu nacho kilisema kweli. Kile kipande changu kiliinua upande usio na kasoro, na barabarani penye ardhi ngumu gari likaegemea kulia. Sisi watu wa pwani tunatazama maji kabla ya kufunga mashua, kabla ya kuchimba kisima, hata kabla ya kuzika karibu na ufuko. Hakuna kati yetu aliyefikiri kuyatazama kwa ajili ya lori.

Nikamwita Rukia nikamweleza. Alisikiliza amesimama. Nilipofika kwenye kipande cha mti akasema, "Najua, baba."

"Unajua nini?"

"Ijumaa ile kanzu yako ilikuwa na grisi mpaka kwenye kiwiko. Nimeifua mara nne. Mtu aliyebanwa na kifua hapati grisi."

"Na ukanyamaza? Mtu aliyekuposa anatukanwa gatini, ukanyamaza?"

"Ningesema nini? Kwamba baba yangu ni mwongo?" Akatazama chini. "Nilikuwa nangoja useme mwenyewe. Nilidhani hutakawia hivi."

Miezi yote hiyo nilikuwa nauonja uji wake kwanza kwa ncha ya ulimi, nikidhani ana kisasi nami. Hilo nalo liandike katika makosa yangu.

Nilimtuma mtu Kipungani. Nilidhani Mselem hatakuja, lakini alikuja, amekonda, hana kicheko. Tangu siku ile hajagusa gari wala injini ya mashua. Anakata ukindu awape dada zake wasuke. Nilimweleza yote bila kujipamba. Nilingoja matusi.

Aliuliza, "Kile kipande ulitia upande gani?"

"Kushoto. Ekseli ya nyuma."

"Juu ya changu?"

"Juu ya chako."

Akakaa chini, hapo hapo sakafuni. "Basi si mimi," akasema. Kisha akasema tena, "Kila usiku nalifungua gari lile kichwani. Boliti moya moya. Natafuta niliposahau. Basi si mimi." Akajifunika uso kwa kitambaa cha begani mwake na akalia, na mimi sikujua pa kutazama.

Alipotulia nikamwuliza kama bado anamtaka Rukia. Akasema, "Bi Rukia hakuniongezea mti." Lakini akaweka sharti. Hataoa mtu Mokowe na huku Kombo anampita bila salamu. Nililonena gatini nilikanushe gatini.

Basi juzi nilibebwa kwenye kiti mpaka pale pale. Walikuwapo wachukuzi, muuza kahawa, wenye mashua, na Kombo na fimbo yake. Nilisema. Sauti ilikuwa ndogo, ikabidi muuza kahawa anyamazishe watu, na kwa hiyo kila neno lilisikika. Nilipomaliza, mmoja nyuma akasema, "Kumbe Bwana Karani anapima watu kwa kile kioo!" Wakacheka. Nilistahili.

Kombo hakucheka. "Bamvua?" akaniuliza. "Mguu wangu umevunjwa na bamvua?"

"La. Umevunjwa na mimi."

Kombo akageuka kwa Mselem, akampa mkono. "Fundi," alisema, "nilikulaani sana." Mselem akasema, "Nami nilijilaani. Tuache." Wakashikana mikono wasiachiane. Kwangu Kombo hakurudi. Aliniachia mgongo wake, akaenda zake na fimbo yake.

Nikah tumeiweka mwezi ukiandama, nami kwa jinsi pumzi zilivyo sidhani nitauona. Basi hii ndiyo kauli yangu nikiwa na akili timamu: nikitangulia, wewe ni walii, mwozeshe Rukia kwa Mselem bila kuchelewa na bila kuongeza sharti. Nimemwuliza Rukia peke yake, mlango umefungwa, akasema ndiyo kwa sauti. Usiniandikie kuniuliza kama nina hakika. Bado namtilia shaka kwa nini amesamehe upesi vile. Kicheko kimemrudia, na bado naona anacheka mno. Lakini yote hayo ni mimi. Kwake sijaona kitu.

Nisalimie shemeji yangu Bi Zuhura, aliyenilea kwa mchuzi nilipokuwa kapera. Msalimie shangazi yetu Mwana Hawa, umwombe radhi kwa niaba yangu kwa lile la zamani la kiwanja cha huko kwenu, naye atajua ni lipi. Wasalimie wanao, hasa Idi, mwanao mkubwa, umwambie amsome mtu kabla ya kumhukumu, asifanye kama ami yake.

Utakapokuja kwa khitma yangu, watu wataombwa wanisamehe, nao kwa desturi wataitikia kwa sauti moja kwamba wamesamehe. Kombo akinyamaza, mwacheni anyamaze, na asiwepo wa kumgusa kiwiko. Kesho yake nenda nyumbani kwake kwa miguu, usimwite, njia inamchosha. Usimwombe lolote kwa ajili yangu. Keti naye, mwulize mguu unaendeleaje, na ukae mpaka amalize kujibu.

Ni mimi nduguyo mkubwa, ninayekuaga kwa mkono wangu mwenyewe,

Salim